Kuku mgeni hakosi kamba mguuni: wanyama wa watu waliohamishwa na maji, vita na amri (uzi mrefu)

PumbaNaMashudu (#1)

Wakuu, salaam. Huu uzi nimeuahirisha tangu ziwa lilipopanda. Ni mrefu, mwenye haraka apite tu, sitamlaumu.

Nina kiduka cha vyakula vya mifugo upande wa Ilemela hapa Mwanza, si mbali na mwalo wa wavuvi. Jina la mwalo silitaji maana watu wenyewe bado wapo. Nauza pumba, mashudu, chokaa, dawa za minyoo na chanjo za kuku. Mei 2024 Ziwa Victoria lilipanda kuliko lilivyowahi kupimwa. Wengi tulidhani 2020 ndiyo ilikuwa kiboko, kumbe bado. Asubuhi moja kwenye saa mbili akaja mama mmoja, gauni limelowa mpaka magotini. Akaomba pumba za mia tano.

Nikamwambia, mama, mia tano ni vikonzi viwili tu, utamlisha nani?

"Ni mmoja. Hali sana, anaatamia."

Tumwite Mama Kulwa. Mapacha wapo kweli, jina ndilo nimelificha kidogo. Nyumba yake ilikuwa vyumba viwili vya tofali za kuchoma, hatua kama thelathini kutoka majini wakati wa kiangazi. Ambaye hajaona maji ya ziwa yakiingia ndani anafikiria wimbi. Hakuna wimbi. Sakafu ilianza kutoa jasho. Kesho yake ukikanyaga zulia la plastiki linatoa sauti, kwich kwich. Siku ya tatu choo kikajaa, na ya nne akamkuta kambale mdogo anazunguka chumba cha watoto kama mpangaji.

Watu wakahamisha magodoro, masufuria, nyavu, mashine ya boti. Yeye vitu vyake vilishatoka vyote, lakini mwenyewe hatoki. Jikoni, juu ya kreti la dagaa lililogeuzwa, kulikuwa na tetea mwekundu kalalia mayai 11, siku ya 17. Ambao hamfugi: kuku hutotoa siku ya 21. Kijana wake mkubwa akamwambia, "Mama, chinja tunywe supu twende." Mama akamwangalia tu.

Mimi nilienda jioni na toroli kwa sababu ya umbeya, niseme ukweli. Nilitaka kumwona huyo kuku. Nikakuta anasubiri giza. Kuku anayeatamia hahamishwi mchana, akiona njia anaacha mayai. Saa mbili usiku akasema zimeni simu zote, hakuna kumulika. Akaingia jikoni, maji yanampita magoti, akaingiza mikono chini ya nyasi na kunyanyua kiota kizima na kuku wake, kama mtu anayepakua ugali asitake uvunjike, akakiweka kwenye karai. Juu akafunika kanga. Kijana yule yule wa supu ndiye aliyebeba karai kichwani. Tulitembea kwenye maji bila kuongea, na kuku hakutoa sauti hata moja. Toroli langu lilibeba mawe matatu ya jiko.

Kwenye chumba alichopata kupanga huko juu, mwenye nyumba alishasema: watu sawa, kuku hapana. Karai likaingia uvunguni mwa kitanda.

Sasa kilichonifanya niandike. Kesho yake walikuja vijana wawili na daftari kuandikisha walioathirika. Jina, umri, idadi ya watoto, namba ya simu. Mama Kulwa akajibu vyote, mwisho akasema, "Na kuku mmoja, anaatamia." Kijana mwenye kalamu akacheka. Hakucheka kwa ubaya, sehemu ya kuandika kuku haikuwepo, angefanyaje? Mama akanyamaza, na maswali yaliyofuata akawa anajibu ndiyo na hapana tu.

Walipoondoka nikamuuliza, huyo kuku ulimtoa wapi? Wakuu, alizungumza saa nzima. Nilijua kuku alizaliwa na kuku wa mama yake aliyekuja naye kutoka Ukerewe. Nilijua mume alikufa mwaka gani, nilijua ana deni la nyavu, nilijua kwamba usiku hasinzii akisikia maji. Yote yalitokea mlango wa kuku.

Naendelea baadaye, kuna wateja.

Kigoda_Mbele (#2)

Nimeshaweka kigoda. Mkuu usitukimbie kama yule wa uzi wa majini wa Kome.

MzeeWaHoja (#3)

Mtoa mada una moyo mzuri, ila nchi hii tuna watu hawana pa kulala na wewe umekuja na tetea. Kuku elfu ishirini anapatikana. Chinja, kula, utanunua mwingine. Huu mtindo wa kulia na wanyama ni wa watu walioshiba.

PumbaNaMashudu (#4)

Mzee, nakuheshimu. Ila walioshiba sijawaona kwenye hii habari. Ngoja nikupe nyingine ya mtu aliyekuwa na njaa kabisa.

Bibi yangu mzaa mama ni wa ng'ambo ya Mto Kagera, kaskazini, vijiji vya nyuma ya Kyaka. Oktoba 1978 inaishia, majeshi ya Amin yakaingia. Hapo kwao walikuwa na ng'ombe kumi na tano, wale wa pembe ndefu. Anayekumbuka ufugaji wa kule anajua: ndama hawalali na mama zao. Wanafungiwa kibanda chao, asubuhi ng'ombe anakamuliwa ndipo ndama anaachiwa kunyonya. Sasa mizinga ilianza kulia kabla ya kukamua.

Kijiji kizima kikakimbilia darajani. Bibi na dada yake, watoto watatu, mama yangu akiwa mmoja wao. Wametembea kama nusu saa, bibi akasimama katikati ya barabara. Kibanda cha ndama hakufungua.

Mimi nilipokuwa mdogo sikuelewa uzito wake. Alinieleza hivi: ndama wakibaki ndani wanakufa njaa, hilo moja. La pili, mama zao hawaondoki. Watazunguka kile kibanda viwele vimejaa mpaka vinauma, askari watawakuta wamesimama pale pale kama waliowekwa. Ukifungua, angalau kila mmoja ana miguu yake.

Akamkabidhi dada yake watoto, akarudi. Peke yake, watu wote wanakuja yeye anaenda. Akafika, akatoa magogo mlangoni, ndama saba wakatoka mbio kila mmoja kwa mama yake. Alikuwepo ng'ombe mmoja wa rangi ya udongo mwekundu uliokolea, kwao rangi hiyo huitwa bihogo na ndiyo lilikuwa jina lake. Huyo hakwenda kwa ndama wake. Alimfuata bibi. Bibi akatembea, ng'ombe nyuma. Akasimama, naye akasimama.

Bibi akaokota fimbo akampiga. Usoni. Anasema katika maisha yake hakuwahi kumpiga ng'ombe usoni. Akapiga mpaka akageuka akaingia migombani.

Daraja la Kyaka alilivuka siku hiyo hiyo. Tarehe 3 Novemba likalipuliwa. Mwalimu alishatangaza kwamba uwezo, sababu na nia tunavyo, na nchi nzima ikaingia vitani. Ng'ombe wa eneo lile walisombwa kwa maelfu kwenda Uganda, wakiwemo wa ranchi ya Missenyi. Bibi akapita Bukoba, akapanda MV Victoria mpaka Mwanza alikokuwa kaka yake. Hakurudi tena kuishi kule.

Hapa Mwanza, anasema, kila aliyemtembelea aliuliza mmepoteza watu wangapi. Swali zuri, la utu. Kwao hakufa mtu, kwa hiyo jibu lilikuwa "hakuna", na mgeni anamshukuru Mungu, chai inakwisha, anaaga. Bibi anabaki amekaa na fimbo yake.

Mwaka 1991 nilikuwa na miaka tisa. Alikuwa akinichukua tunakwenda mnadani Misungwi, hanunui kitu. Anapita zizi kwa zizi akiwaangalia wenye pembe ndefu. Siku hiyo nikajifanya mjuaji, nikamwambia, bibi, ng'ombe hawezi kuishi miaka yote hiyo.

Akasema: "Najua. Natafuta rangi."

Kigoda_Mbele (#5)

Daah. Nilikuja na utani wangu, nimeurudisha mfukoni.

MtotoWaRusumo (#6)

Mtoa mada umenigusa. Mimi wa Ngara. Aprili 1994 nilikuwa darasa la tano. Tarehe 28 na 29 walivuka daraja la Rusumo wakimbizi wa Rwanda kama robo milioni kwa muda wa siku moja hivi. Hakuna anayeweza kuisimulia ile hali mtu akaiona, utasikia tu namba. Walipelekwa Benaco, na mji ukaota hapo hapo kwenye majani.

Mimi nakumbuka vitu vidogo. Mtoto wa kike wa umri wangu, mbuzi amefungwa kamba, upande wa pili wa kamba umefungwa kiunoni kwake. Yaani hakumshika, alifungwa naye. Baba yangu akamuuliza kwa Kihangaza (wanasikilizana na Kinyarwanda) kwa nini umejifunga? Akasema nikisinzia asinipotee. Baadaye sana nikiwa mtu mzima ndipo nikajiuliza, nani alikuwa anaogopa kumpoteza nani.

Baada ya wiki mbili mbuzi wengi waliuzwa pembeni mwa barabara kwa bei ya kutupa. Majani yaliisha, kuni ziliisha, na wenyeji nao walikuwa wanalia mashamba yameliwa. Hili nalo lisemwe, halikuwa jambo la upendo mtupu. Jirani yetu alinunua mbuzi wanne kwa pesa ambayo leo nikikutajia utaona aibu. Mmoja wao kila jioni alikuwa anakwenda kusimama kwenye njia ya kambini. Mke wa jirani ndiye aliyeshindwa kuvumilia, akamrudisha. Mwenyewe hakumpata.

BwanaMifugo_Mstaafu (#7)

Nimefanya kazi ya mifugo miaka thelathini na moja, mingi Kagera na Mwanza. Niongeze la kitaalamu kabla machozi hayajatujaza.

Kwanza, Mama Kulwa kafanya sahihi kabisa. Usiku, kiota kizima, giza, na asiguswe siku mbili. Angemhamisha saa sita mchana tungekuwa tunaongelea mayai viza.

Pili, watu wanapohama kwa pamoja, mifugo yao inachangamana, na hapo ndipo tunapopata msiba wa pili. Kideri, au mdondo wengine mnavyouita, kikiingia kwa kuku mmoja kwenye jengo wanamolala familia ishirini, wiki moja kuku wote wameisha. Chanjo yake ni tone moja la jicho, inarudiwa kila miezi mitatu, na ni rahisi kuliko soda. Ng'ombe nao wana homa ya mapafu inayosambaa kwa kukoholeana zizini, na ndigana kali inayoletwa na kupe. Ndiyo maana mnaona maofisa wanazuia mifugo isiingie makambini. Si roho mbaya mara zote. Ila kuzuia bila kusema mnyama aende wapi, hapo nakubaliana na mtoa mada, ndipo watu wanapowaficha uvunguni. Na mnyama aliyefichwa hachanjwi.

Tatu, mbwa. Mbwa hubaki nyuma kwenye mahame. Wanakuwa makundi, wanakula mizoga, na kichaa cha mbwa kikishaingia humo hakiulizi nani mwenyeji nani mkimbizi. Ukiumwa na mbwa usiyemjua, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kisha kimbia hospitali siku hiyo hiyo. Dalili zikishaanza, hakuna dawa.

MzeeWaHoja (#8)

Huyo daktari sasa ndiye anaongea. Na niulize: hawa wa mwaloni walikuwa wamejenga wapi? Sheria ya mazingira ya 2004 inasema shughuli za kudumu zisiwepo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Hatua thelathini sio mita 60. Maji hayakuwafuata, wao waliyafuata maji.

PumbaNaMashudu (#9)

Hapo umenishika pabaya mzee, sheria ipo na naijua. Ila mita 60 kutoka ukingo upi? Ukingo wa kiangazi cha 2006 ziwa liliposhuka tukacheza mpira palipokuwa maji, au wa Mei 2024? Mama Kulwa alipojenga, ukingo ulikuwa mbali. Mvuvi akilala kilomita mbili kutoka kwenye mtumbwi, asubuhi anakuta mashine imeondoka na watu wengine.

Halafu ona ilivyo: amefukuzwa na maji, na maji yakishuka sheria haimruhusu arudi. Kuku tu ndiye hakuna sheria inayomhusu.

NgoshaWaLindi (#10)

Mwangaluka wana Mwanza. Mimi ni ng'wana wa Kwimba, ila naandika kutoka Lindi. Nyie mnaongelea watu waliohama na wanyama. Sisi wanyama ndio waliotuhamisha.

Babu aliondoka Usukumani kwa sababu ng'ombe walikosa pa kukanyaga. Akashuka Tabora, baba akafika Mbeya, Usangu. Mwaka 2006 serikali ikaamua wafugaji watoke Ihefu maana Ruaha Mkuu ulikuwa unakauka. Mimi nilikuwa kijana wa kuswaga. Tulitolewa na ng'ombe wetu kuja huku kusini. Waliobebwa kwa malori walivunjika miguu, wa kuswagwa walikufa njiani kwa kiu na ndorobo. Sitaki kubishana kama ilikuwa sahihi, mto ulikuwa unakauka kweli, nimeona kwa macho.

Nilichojifunza ni hiki. Ukifika ugenini ukiwa mtu mtupu, watu wanakuuliza umekuja kufanya nini. Ukifika na ng'ombe wanauliza mambo mawili, umekuja kufanya nini na hawa watakula wapi. Lakini miezi sita baadaye mwenyeji aliyekuchukia mtoto wake anaumwa, anakuja kuomba maziwa. Hapo mnaanza kusalimiana. Mke wangu ni mtoto wa mwenyeji mmoja wa hivyo. Mahari nililipa kwa ng'ombe ambao baba mkwe alikuwa amewashtaki kwenye kijiji kwa kula mbaazi zake. Aliwatambua mmoja mmoja siku ya kuwapokea, akacheka mpaka akakaa chini.

Kigoda_Mbele (#11)

Ngosha umetisha 😂 Yaani mshtakiwa kageuka mahari. Wabheja sana.

DadaWaCapripoint (#12)

Nimesoma kimya kimya, ngoja nami nitie neno maana naamka kila siku naiangalia Saanane dirishani.

Wangapi mnajua jina limetoka wapi? Kulikuwa na mzee anaitwa Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima, akikaa kwenye kile kisiwa. Mwaka 1964 serikali ikamhamisha, akalipwa fidia, kisiwa kikawa bustani ya kwanza ya wanyama nchini. Mwaka 2013 kikawa Hifadhi ya Taifa. Yeye alitoka, simba wakaingia, jina lake likabaki na simba. Kila nikipeleka wageni naona wanapiga picha na pimbi, hakuna anayeuliza Saanane ni nani. Wengine wanadhani ni Kisukuma cha "karibu".

Na Rubondo ni hivyo hivyo, ila kwa ukubwa wake. Wavuvi waliokaa kule walihamishwa miaka ya sitini. Halafu kati ya 1966 na 1969 wakaletwa sokwe 17. Kutoka wapi? Ulaya! Professa Grzimek wa Ujerumani ndiye aliyelisimamia hilo. Sokwe wenyewe walikamatwa wakiwa wadogo Afrika Magharibi, wakakaa kwenye vizimba vya Wazungu miaka, ndipo wakamwagwa kwenye kisiwa cha Ziwa Victoria ambacho hawajawahi kukiona, kula majani wasiyoyajua. Na wameweza, wanazaana mpaka leo. Kwa hiyo kuna watu waliohama kisiwa kupisha wakimbizi wa miguu minne. Sisemi ni vibaya. Rubondo nimefika, ni pazuri mno. Ila nikisikia usiku ule ukelele wa sokwe nilifikiria watoto wa wale wavuvi, kama nao wana ukelele wao huko ng'ambo.

Mtoa mada, bibi yako alikuwa Mwanza Machi 1979? Muulize habari za bomu.

PumbaNaMashudu (#13)

Dada umenikumbusha kitu ambacho bibi alikuwa anakisimulia kila nikigoma kula.

Kwa wasiojua: mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya kivita ya Libya, iliyokuja kumsaidia Amin, ililenga maghala ya mafuta ya hapa Mwanza. Ikakosa. Mabomu yakaangukia Saanane, wakafa swala na ndege wa porini.

Bibi alikuwa Kirumba anaanika dagaa wa kaka yake. Mlio aliujua kabla ya wengine, akalala kifudifudi juu ya dagaa, watu wakamcheka. Ulipotulia na habari zikaja kwamba waliokufa ni swala, mji ulishusha pumzi, wengine wakatania kwamba Gaddafi kaja kuwinda. Bibi hakutania. Alisema vita vimemfuata kutoka Kyaka mpaka huku, vimemkosa, vimechukua swala ambao hata hawajui mpaka uko wapi. Kwa wiki nzima alikuwa akimuuliza kaka yake, wamezikwa? Mjomba anajibu, dada, swala hazikwi. Anauliza tena kesho.

Sasa unganisha na alichosema dada hapo juu. Mzee aliyehamishwa, kisiwa chenye jina lake, swala waliohamishiwa humo, na mama aliyekimbia vita akiwaulizia kutoka ng'ambo ya maji. Mimi nimeuza pumba ishirini na mbili mwaka huu, namaanisha miaka, na sijawahi kuliwaza hilo mpaka leo nimesimama kaunta.

MbebaBoksi (#14)

Niko Marekani huku nabeba maboksi. Mzee wa Hoja anasema ni mambo ya walioshiba, nusu ana haki. Mwaka 2005 kimbunga Katrina kilipopiga New Orleans, waokoaji walikuja na boti na kusema watu tu, wanyama hapana. Kuna waliokataa kupanda, wakabaki juu ya mapaa na mbwa wao, na kuna waliokufa kwa hilo. Mwaka uliofuata, 2006, ikapitishwa sheria kwamba mipango ya uokoaji ya majimbo na miji lazima iwahesabu na wanyama wa nyumbani. Haikupitishwa kwa huruma ya mbwa, ila kwa sababu waligundua ukimwacha mbwa, mtu hatoki. Ni hesabu tu.

Mama Kulwa angekubali kuondoka siku ya kwanza kama mtu angemwambia kuku ana nafasi.

MzeeWaHoja (#15)

Haya, hilo la hesabu nalielewa. Mngeanza nalo.

Na kwa kuwa mnadhani mimi sina roho: operesheni ya vijiji ya 1974 tulihamishwa mimi nikiwa na miaka kumi na moja, hapa hapa Usukumani. Nyumba ilibomolewa tukiwa nje na vyombo. Paka alikataa kutoka. Basi. Sina zaidi.

Kigoda_Mbele (#16)

Mzee, alikuwa anaitwa nani?

MzeeWaHoja (#17)

Nyau. Tulikuwa watu wa kawaida.

BwanaMifugo_Mstaafu (#18)

Paka hufuata nyumba, mzee, si wenye nyumba. Mlifanya mliloweza. Wengi huzoea porini, panya hawahamishwi na operesheni.

Mtoa mada, mimi mwenye fani nina swali la fani: mayai 11, yametotoa mangapi?

PumbaNaMashudu (#19)

Daktari nilijua utauliza. Moja lilipata ufa njiani. Mawili yalikuwa viza. Moja kifaranga alikufa akiwa ametoboa, nusu ndani nusu nje. Saba wakatoka salama, siku ya 22, chini ya kitanda. Na tone la jicho walipata, dawa nilitoa mimi.

Siri ilidumu siku mbili tu, maana vifaranga saba hawanyamazi. Mwenye nyumba akaja kugonga, amekasirika kweli. Mlango unafunguliwa, anamkuta binti yake mwenyewe wa miaka sita amekaa sakafuni, kifaranga kwenye kiganja. Inaonekana alikuwa anakuja kila siku baba yake akienda kazini. Akasimama pale mlangoni. Akasema, "Basi wasitoke nje ya uzio." Tetea akafungwa kamba mguuni ili azoee, kama methali yetu inavyosema. Kamba ilikuwa uzi wa gunia la pumba, nilimkatia mimi dukani. Kwanza alifungwa kwenye mguu wa kitanda, kisha uani, wiki mbili.

Siku alipofunguliwa aliwakusanya watoto wake, akatoka getini na kushuka. Kutoka pale mpaka nyumba ya zamani ni kama mita mia tatu. Mama Kulwa akamfuata, akamkuta amesimama ukingoni mwa maji, pale palipokuwa na njia ya jikoni. Ukuta mmoja tu ndio ulikuwa unaonekana. Akambeba na watoto kwenye kanga, wakarudi. Kesho yake kuku akashuka tena, akarudishwa tena. Siku ya tatu nilikuwa napita na baiskeli, nikawakuta wote wako kule chini. Kuku anaparura mchanga, vifaranga wanagombania vidagaa vilivyoachwa na wimbi, na Mama Kulwa amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, hana haraka. Nikamuuliza vipi, hutaki kumrudisha leo?

"Muache aone kwanza."

Walikaa mpaka jua linazama. Kuku mwenyewe ndiye aliyeanza kupanda kurudi, watoto nyuma, mama nyuma yao. Tangu siku hiyo hajashuka tena.

Uzi wa gunia alinirudishia, eti si wake. Nimefungia nao daftari la madeni, ambalo ndani yake zile pumba za mia tano bado zimo.